Mizani na mlango: historia ya kulinganisha nguvu za jumuiya za mpira wa kikapu katika vyuo vikuu vya Marekani (1895-2025)

1. Utangulizi

Kila mwaka mwezi wa Machi unapokaribia, swali moja hurudi nchini Marekani miongoni mwa wafuasi wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu: ni jumuiya ipi ya vyuo iliyo na nguvu kupita nyingine? Kwa msikilizaji wa mbali, swali hilo laweza kuonekana kuwa ubishi wa barazani tu. Sivyo. Jibu lake huamua ni timu zipi zitakazoingia katika mashindano ya kitaifa na zipi zitakazobaki nyumbani; na tangu mwaka wa 1991 limekuwa likiathiri pia mgawanyo wa fedha zinazotokana na haki za televisheni za mashindano hayo.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya ulinganishi huo, tangu jumuiya kubwa ya kwanza ilipoasisiwa hadi msimu wa 2024-2025. Hoja yake ni kwamba nguvu ya jumuiya si sifa iliyomo ndani ya jumuiya yenyewe, kama uzito ulivyo ndani ya jiwe. Ni uhusiano baina ya jumuiya moja na nyingine, na uhusiano huo hudhihirika pale tu timu zao zinapokutana uwanjani. Kwa hiyo mwenye mamlaka juu ya mikutano hiyo ndiye mwenye mamlaka juu ya kipimo. Katika kila kipindi cha historia hii, mlango ulitangulia mizani.

Neno jumuiya lenyewe lahitaji maelezo. Katika Kiingereza cha Marekani, kundi la vyuo vinavyocheza pamoja kila msimu huitwa kwa neno ambalo, katika Kifaransa cha Kongo, humaanisha mhadhara au mkutano. Neno ligi, lililozoeleka katika kandanda, halitoshi, kwa sababu ligi nyingi zina madaraja: timu iliyoshindwa hushuka na iliyofaulu hupanda. Katika jumuiya za vyuo vya Marekani hakuna kupanda wala kushuka. Chuo huingia kwa kualikwa na, kwa kawaida, hutoka kwa uamuzi wake chenyewe. Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Mahali pasipo na ngazi ya kupanda na kushuka, hakuna njia ya moja kwa moja ya kujua kama timu ya tano ya kundi moja inaishinda timu ya kwanza ya kundi jingine. Hapo ndipo haja ya kulinganisha inapozaliwa.

Msomaji wa Kongo na wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuifuata historia hii. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka wa 1966 na kufariki mwaka wa 2024, aliichezea Georgetown, mwanachama wa jumuiya ya Big East, kuanzia 1988 hadi 1991, akahitimu huko katika isimu na diplomasia. Mtanzania Hasheem Thabeet aliichezea Connecticut, ya jumuiya hiyo hiyo, kuanzia 2006 hadi 2009. Jumuiya hiyo itatajwa mara nyingi hapa chini, kwani kupanda kwake kunaonyesha vizuri jinsi nguvu inavyojengwa.

2. Mashamba yasiyo na mji

Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith, mzaliwa wa Kanada, mwezi wa Desemba 1891, katika chuo cha YMCA cha Springfield, Massachusetts. Jumuiya kubwa ya kwanza, hata hivyo, haikuundwa kwa ajili ya mchezo huo. Mwezi wa Januari 1895, wakuu wa vyuo vikuu vya eneo la kati-magharibi walikutana Chicago kwa mwito wa James Smart, rais wa Chuo Kikuu cha Purdue. Kilichowasumbua ni udanganyifu katika mpira wa miguu wa Kimarekani: watu ambao hawakuwa wanafunzi walikuwa wakichezea vyuo. Wakuu hao walitaka mchezaji awe mwanafunzi wa kweli, na walimu wasimamie michezo. Kutokana na mkutano huo ilizaliwa, mwaka wa 1896, jumuiya ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Big Ten.

Mambo mawili yanafaa kukumbukwa. Kwanza, jumuiya iliundwa ili kulinda kanuni. Nguvu ya timu haikuwa sharti la uanachama. Pili, wanachama wake walikuwa majirani, yaani vyuo vilivyoweza kufikiana kwa garimoshi. Jumuiya nyingine zilizofuata, kwa mfano ile ya pwani ya Pasifiki iliyoanzishwa mwaka wa 1915, zilikuwa za majirani vilevile.

Matokeo yake ni kwamba kila eneo lilikuwa na bingwa wake, na mabingwa hao hawakukutana ila kwa nadra. Wahenga walisema: jogoo la shamba haliwiki mjini. Lakini katika miongo ile kila jumuiya ilikuwa shamba, na mji wenyewe haukuwapo. Kudai kwamba shamba hili lina majogoo bora kuliko lile ilikuwa ni kusema neno lisiloweza kuthibitishwa wala kukanushwa.

Mji ulipatikana mwaka wa 1938, wakati mashindano ya mwaliko yalipofanyika New York katika ukumbi wa Madison Square Garden. Temple iliishinda Colorado kwa pointi 60 dhidi ya 36. Mwaka uliofuata yalianza mashindano yaliyo chini ya NCAA, chama cha kitaifa cha michezo ya vyuo. Nchi iligawanywa katika kanda 8, na kila kanda ikatoa timu moja. Tarehe 27 Machi 1939, kule Evanston, Illinois, Oregon ya pwani ya Pasifiki iliishinda Ohio State ya Big Ten kwa pointi 46 dhidi ya 33. Ndiyo mara ya kwanza kwa pwani ya magharibi na eneo la kati-magharibi kupimana katika fainali ya mashindano hayo.

3. Waliofungiwa nje ya kipimo

Kabla ya kuendelea na hesabu za mashindano hayo, inabidi kuwataja wale ambao hawakuhesabiwa. Katika majimbo ya kusini, ubaguzi wa rangi uliwatenga wanafunzi Weusi katika vyuo vyao wenyewe. Vyuo hivyo vilikuwa na jumuiya zao. Iliyo kongwe kuliko zote, ijulikanayo kwa herufi CIAA, ilianzishwa mwaka wa 1912. Timu zake zilicheza misimu yote, zikatoa mabingwa, lakini hazikuruhusiwa kukutana na vyuo vya Wazungu vilivyokuwa jirani nazo. Nguvu yao haikuwa ndogo wala kubwa katika mizani ya taifa. Haikuwekwa kwenye mizani hata kidogo.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi hali hiyo ilivyoficha ukweli. John McLendon alisoma katika Chuo Kikuu cha Kansas, ambako Naismith mwenyewe alikuwa mwalimu wake, lakini kwa kuwa alikuwa Mweusi hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo. Baadaye akawa kocha wa chuo cha watu Weusi kule Durham, North Carolina. Tarehe 12 Machi 1944, siku ya Jumapili asubuhi, timu yake ilicheza kwa siri na timu ya wanafunzi wa udaktari wa Duke, chuo cha Wazungu kilichokuwa katika mji huo huo. Milango ilifungwa na watazamaji hawakuruhusiwa, kwa sababu mchezo wa namna hiyo ulikuwa marufuku. Timu ya McLendon ilishinda kwa pointi 88 dhidi ya 44. Matokeo hayo hayakuingia katika daftari lolote rasmi. Miaka mingi ilipita kabla ya umma kuyajua.

McLendon alithibitisha hadharani miaka 13 baadaye. Chama kingine cha michezo, NAIA, kilikuwa kimevifungulia vyuo vya watu Weusi mashindano yake. Timu yake ya wakati huo, Tennessee A&I, iliyatwaa mashindano hayo mara tatu mfululizo, mwaka wa 1957, 1958 na 1959. Mlango ulipofunguliwa, jogoo aliwika.

Upande wa pili wa ukuta huo nao ulipata hasara yake. Mississippi State, mwanachama wa jumuiya ya kusini-mashariki iitwayo SEC, ilistahili kwenda katika mashindano ya NCAA mwaka wa 1959, 1961 na 1962. Kila mara ilibaki nyumbani, kwa sababu desturi ya jimbo lake ilikataza kucheza na timu yenye wachezaji Weusi. Mwaka wa 1963 rais wa chuo, Dean Colvard, aliamua timu iende. Wapinzani wakatafuta amri ya mahakama, na timu ikaondoka jimboni kwa siri ili amri hiyo isiifikie. Kule East Lansing, Michigan, ilishindwa na Loyola ya Chicago kwa pointi 61 dhidi ya 51. Loyola, iliyoanza mchezo na wachezaji Weusi wanne, ndiyo iliyotwaa ubingwa wa mwaka huo.

Tarehe 19 Machi 1966, Texas Western, chuo cha El Paso ambacho wakati huo hakikuwa mwanachama wa jumuiya yoyote, kilianza fainali kwa wachezaji watano Weusi, kikaishinda Kentucky ya SEC, iliyokuwa na wachezaji Wazungu watupu, kwa pointi 72 dhidi ya 65. Mwaka uliofuata, Perry Wallace wa Vanderbilt akawa Mweusi wa kwanza kucheza katika timu kuu ya mpira wa kikapu ya chuo cha SEC. Kwa hiyo, mtu anayelinganisha SEC ya mwaka wa 1960 na jumuiya nyingine za wakati ule halinganishi vipaji vya eneo la kusini. Analinganisha sehemu ya vipaji hivyo iliyoruhusiwa kupita mlangoni.

4. Jumuiya moja, timu moja

Hata kwa vyuo vilivyokuwa ndani, mlango ulikuwa mwembamba. Mwaka wa 1951 mashindano ya NCAA yalipanuliwa kutoka timu 8 hadi 16, na mabingwa wa jumuiya kadhaa wakahakikishiwa nafasi. Lakini jumuiya haikuruhusiwa kupeleka timu zaidi ya moja. Kanuni hiyo ilikuwa na haki ya aina yake, kwani kila eneo lilipata mwakilishi. Hata hivyo ilificha tofauti kubwa baina ya jumuiya, maana ilidhani kwamba wa pili wa kundi lolote hawezi kuwa bora kuliko wa kwanza wa kundi jingine.

Msimu wa 1970-1971 ulionyesha udhaifu wa dhana hiyo. Timu ya Southern California ilicheza mechi 26, ikashinda 24 na kupoteza 2 tu. Zote mbili ilizipoteza mbele ya jirani yake UCLA, ambayo chini ya kocha John Wooden ilitwaa ubingwa wa taifa kila mwaka kuanzia 1967 hadi 1973. UCLA ilikwenda kwenye mashindano na kuyashinda. Southern California haikwenda. Timu iliyoshindwa na bingwa wa taifa peke yake ilinyimwa mlango ambao timu dhaifu zaidi zilipita, kwa kosa la kuwa na jirani mwenye nguvu.

Kisa kilichotikisa kanuni hiyo kilitokea tarehe 9 Machi 1974, kule Greensboro, North Carolina. Jumuiya ya ACC, iliyoanzishwa mwaka wa 1953, ilikuwa na desturi ya kumchagua mwakilishi wake kwa mashindano ya mtoano mwishoni mwa msimu. Katika fainali ya mwaka huo, North Carolina State iliishinda Maryland kwa pointi 103 dhidi ya 100, baada ya muda wa nyongeza. Timu hizo mbili zilikuwa miongoni mwa bora kabisa nchini. North Carolina State ilikwenda mbele, ikaiondoa UCLA katika nusu fainali na kutwaa ubingwa wa taifa. Maryland ilimaliza msimu wake usiku ule wa Greensboro.

Mwaka uliofuata, 1975, NCAA ilipanua mashindano hadi timu 32 na kuruhusu jumuiya kupeleka timu mbili. Matunda yalionekana mara moja. Mwaka wa 1976, Indiana na Michigan, zote za Big Ten, zilikutana katika fainali, na Indiana ikashinda kwa pointi 86 dhidi ya 68. Miaka miwili tu kabla ya hapo, fainali kama hiyo isingewezekana. Wachezaji wa Big Ten hawakupata nguvu mpya kwa kalamu ya mwaka wa 1975. Kilichobadilika ni kile kilichoweza kuonekana.

5. Kuinuka kwa Big East

Mwaka wa 1980 mashindano yalifikia timu 48, na kikomo cha timu kwa kila jumuiya kikaondolewa. Hapo ndipo swali la kulinganisha jumuiya lilipopata uzito wake wa sasa. Zamani ilitosha kuwa bingwa kwenu. Sasa kamati ya uteuzi ililazimika kuamua kama timu ya nne ya jumuiya moja inastahili kuliko ya pili ya jumuiya nyingine.

Big East ilianzishwa mwaka wa 1979, kwenye kizingiti cha mabadiliko hayo. Dave Gavitt, aliyekuwa kocha na msimamizi wa michezo wa Providence, aliviunganisha vyuo vya miji mikubwa ya kaskazini-mashariki: Georgetown ya Washington, St. John's ya New York, Boston College na vinginevyo. Vyuo hivyo vilikuwapo tangu zamani, na baadhi yao vilikuwa na sifa. Kilichokuwa kipya ni kukutana kwao kila mwaka, mbele ya kamera za televisheni, katika miji yenye watazamaji wengi. Kituo cha ESPN kilianza kurusha matangazo mwezi wa Septemba mwaka huo huo, nacho kilihitaji mechi za kuonyesha.

Mwaka wa 1984 Georgetown ilitwaa ubingwa, na John Thompson akawa kocha mkuu Mweusi wa kwanza kuutwaa katika daraja la juu la NCAA. Mwaka wa 1985, mashindano yalipofikia timu 64, timu tatu kati ya nne za nusu fainali zilitoka Big East: Georgetown, St. John's na Villanova. Villanova iliishinda Georgetown katika fainali kwa pointi 66 dhidi ya 64. Jumuiya yenye umri wa miaka 6 ilikuwa imetwaa karibu jukwaa zima. Kijana wa Kinshasa aliyefika Georgetown mwaka wa 1987 aliikuta jumuiya iliyokwisha kuwa na jina duniani. Miaka 10 nyuma, jina hilo halikuwapo.

6. Hesabu na mitego yake

Kwa kuwa kamati haikuweza kutazama mechi zote, ilihitaji tarakimu. Mwaka wa 1981 NCAA ilianza kutumia kipimo kilichojulikana kwa herufi RPI. Ujenzi wake ulikuwa rahisi. Robo ya alama ya timu ilitokana na kiwango chake cha ushindi. Nusu ilitokana na kiwango cha ushindi cha wapinzani wake. Robo iliyobaki ilitokana na kiwango cha wapinzani wa wapinzani hao. Kwa maneno mengine, robo tatu ya alama ilitegemea watu uliocheza nao kuliko jinsi ulivyocheza.

Hapa pana jambo ambalo wabishi wengi husahau. Chukua jumuiya ya timu 10, ambamo kila timu inakutana na kila nyingine mara mbili. Mechi ni 90. Kwa hiyo ushindi ni 90 na kushindwa ni 90. Hata timu zote zikiwa hodari, hata zote zikiwa dhaifu, wastani wa ndani hubaki nusu kwa nusu. Mechi za ndani hupanga nani ni wa kwanza na nani wa mwisho, lakini haziwezi kusema lolote juu ya nguvu ya jumuiya yote mbele ya nyingine. Ushahidi huo hutoka katika mechi za nje, nazo kwa sehemu kubwa huchezwa mwezi wa Novemba na Desemba, kabla timu hazijakomaa. Mechi chache za mwanzo wa msimu hukadiria thamani ya mamia ya mechi zinazofuata.

Tena mechi hizo za nje hazipangwi kwa kura. Vyuo vikubwa huvilipa vyuo vidogo ili vije kuchezea katika viwanja vyao, na kwa kawaida havirudishi ziara. Chuo kidogo hupata fedha za kuendesha idara yake ya michezo. Chuo kikubwa hupata ushindi mbele ya mashabiki wake. Na jumuiya yake hupata tarakimu nzuri. RPI ya mwanzo haikutofautisha ushindi wa nyumbani na wa ugenini. Kasoro hiyo ilirekebishwa kuanzia msimu wa 2004-2005: ushindi wa nyumbani ukahesabiwa 0.6 na wa ugenini 1.4.

Kabla ya hapo wataalamu wa hesabu walikuwa wamekwisha kutafuta njia nyingine. Jeff Sagarin alichapisha viwango vyake katika gazeti la USA Today tangu miaka ya 1980, na baadaye Ken Pomeroy alipima pointi zinazofungwa na kufungwa kwa kila mara 100 timu inapomiliki mpira, kwa kuzingatia ubora wa mpinzani. Mwaka wa 2018 NCAA iliiacha RPI na kuanza kutumia NET, kipimo kinachoangalia pia ufanisi wa timu uwanjani. Kamati huzigawa mechi katika mafungu manne. Katika fungu la kwanza huingia mechi dhidi ya timu 30 za juu ikiwa ni nyumbani, 50 za juu ikiwa ni uwanja usio wa yeyote, na 75 za juu ikiwa ni ugenini.

Kipimo kipya ni bora kuliko cha kale, lakini hakikuondoa mlango. Timu iliyomo katika jumuiya kubwa hukutana na wapinzani wa fungu la kwanza karibu kila juma. Timu ya jumuiya ndogo yaweza kumaliza msimu ikiwa imepata nafasi mbili au tatu tu za namna hiyo, zote ugenini. Ikishindwa, husemwa haikuthibitisha uwezo wake. Isipopata nafasi kabisa, husemwa vivyo hivyo.

7. Kilele, wastani na kina

Ubishi mwingi hutokana na kutumia neno nguvu kwa maana tatu tofauti bila kuzitenganisha. Maana ya kwanza ni kilele: jumuiya ina timu inayoweza kutwaa ubingwa. Maana ya pili ni wastani: timu zake zote kwa jumla ziko juu. Maana ya tatu ni kina: hata timu zake za chini ni ngumu kushindwa.

Maana hizo haziendi pamoja daima. Mwaka wa 1979 Indiana State ya Larry Bird, kutoka jumuiya ya Missouri Valley, ilifika fainali bila kushindwa hata mara moja, ikaangushwa na Michigan State ya Magic Johnson kwa pointi 75 dhidi ya 64. Kilele kilikuwapo, lakini hakuna aliyedai kwamba jumuiya nzima ya Missouri Valley ilikuwa sawa na Big Ten. Mwaka wa 2009, msimu wa mwisho wa Thabeet, Big East ilitoa timu tatu kati ya nne zilizopewa nafasi ya kwanza katika kanda za mashindano. Mbili za jumuiya hiyo zilifika nusu fainali kule Detroit, Connecticut ikiwa mojawapo; zote mbili zilishindwa, na ubingwa ukaenda North Carolina ya ACC.

Msimu wa 2010-2011 ni funzo zaidi. Big East ilipeleka timu 11, idadi ambayo hakuna jumuiya iliyokuwa imeifikia. Ni mbili tu kati yake zilizofika hatua ya timu 16. Waliotaka kuidharau jumuiya walipata hoja. Lakini moja ya hizo mbili, Connecticut, iliyokuwa imeshinda mechi 9 na kushindwa 9 katika msimu wa kawaida wa jumuiya, ndiyo iliyotwaa ubingwa wa taifa. Waliotaka kuisifu nao walipata hoja: timu iliyokuwa katikati ya jedwali kwao ilikuwa ya kwanza nchini. Wakati huo huo, katika nusu fainali zilikuwamo Butler na Virginia Commonwealth, za jumuiya ndogo. Matokeo yale yale yaliwatosha wabishi wa pande zote.

Mtoano haumalizi mjadala, kwa sababu mechi moja ni ushahidi mdogo. Kuanzia 1985 hadi 2017, timu zilizopewa nafasi ya kwanza zilicheza na zile za nafasi ya 16 mara 132, zikashinda zote. Tarehe 16 Machi 2018, chuo kidogo cha Maryland, Baltimore County, kiliishinda Virginia, bingwa wa ACC, kwa pointi 74 dhidi ya 54. Virginia ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka uliofuata. Si haki kusema kwamba usiku mmoja uliibatilisha ACC. Lakini ni haki kusema kwamba jogoo wa shamba hawezi kujulikana kama anawika mjini mpaka apelekwe mjini.

8. Fedha na kuhama kwa vyuo

Tangu mwaka wa 1991, kila mechi ya mashindano ya kitaifa, isipokuwa fainali, ilihesabiwa kuwa fungu moja la fedha kwa jumuiya ya timu iliyocheza. Mafungu hujumlishwa kwa kipindi cha miaka 6, na malipo huenda kwa jumuiya, nayo huwagawia wanachama. Hapo duara linakamilika. Jumuiya inayohesabiwa kuwa na nguvu hupata nafasi nyingi. Nafasi huleta fedha. Fedha huleta makocha, viwanja na wachezaji. Na hivyo huleta nguvu.

Hata hivyo, kilichotikisa ramani ya jumuiya zaidi ya yote ni fedha za televisheni za mpira wa miguu wa Kimarekani. Big East ya zamani iligawanyika mwaka wa 2013. Mwaka wa 2024, vyuo 10 kati ya 12 viliihama jumuiya ya pwani ya Pasifiki. UCLA, iliyokuwa fahari ya pwani hiyo, iliingia Big Ten, pamoja na Southern California, Oregon na Washington. Stanford na California zikaingia ACC, ambayo jina lake ni la pwani ya Atlantiki. Ujirani wa garimoshi ulikuwa umekwisha.

Mabadiliko hayo yanaathiri kipimo chenyewe. ACC ya vyuo 8 ya miaka ya 1950 iliweza kumkutanisha kila mmoja na kila mwenzake mara mbili kwa mechi 14. Big Ten ya vyuo 18 ingehitaji mechi 34 kwa kila timu ili kufanya hivyo. Msimu wa 2024-2025 kila timu ilicheza 20 za jumuiya. Kwa hiyo hata ndani ya jumuiya moja timu hazipimwi tena kwa ratiba moja, na anayelinganisha Big Ten ya 1976 na ya 2025 analinganisha majina yaliyofanana na vitu vilivyotofautiana.

Msimu huo huo ulitoa tukio linalorudisha fikra kwenye sehemu ya tatu ya makala haya. Mwezi wa Desemba 2024, katika mechi 16 zilizopangwa baina ya SEC na ACC, SEC ilishinda 14. Ushahidi huo wa mapema uliipandisha katika kila hesabu, na mwezi wa Machi 2025 ilipeleka timu 14 kati ya wanachama wake 16, ikaipita rekodi ya Big East ya 2011. Mississippi State ilikuwa mojawapo. Florida ya SEC ilitwaa ubingwa kwa kuishinda Houston kwa pointi 65 dhidi ya 63. Jumuiya ambayo hapo kale iliwakataza baadhi ya mabingwa wake wasitoke nje kupimwa ndiyo iliyokuja kufaidi zaidi kupimwa huko, ikiwa na timu ambazo wengi wa wachezaji wake wasingeruhusiwa kuvaa jezi zake mwaka wa 1960.

9. Hitimisho

Historia hii haifundishi kwamba kulinganisha jumuiya ni kazi bure. Jumuiya fulani katika msimu fulani huwa na nguvu kuliko nyingine, na hesabu nzuri hukaribia kulionyesha jambo hilo. Inachofundisha ni utaratibu wa kuuliza. Kabla ya kusoma jedwali la viwango, inafaa kuuliza timu hizo zilikutana wapi, mara ngapi, katika uwanja wa nani, na kwa ruhusa ya nani. Inafaa pia kuuliza ni nguvu ya aina gani inayopimwa, ya kilele, ya wastani au ya kina. Na mwisho inafaa kuuliza ni nani ambaye hakuwekwa kwenye mizani.

Timu ya McLendon ya mwaka wa 1944 ilikuwa na nguvu asubuhi ile ya Jumapili, milango ikiwa imefungwa, kama ambavyo ingekuwa nayo milango ikiwa wazi. Daftari za taifa hazikuandika kitu. Kutoandikwa huko hakukuwa kipimo cha udhaifu wake, na kila jedwali linalochapishwa lina nafasi zake tupu za namna hiyo.